Jinsi tulivyoipata bei ya kikapu cha ukili

Mwaka 2018 nilichaguliwa kuwa katibu wa kikundi cha wanawake 26 wanaosuka ukili, yaani utepe wa majani unaoshonwa kuwa kikapu, katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, na sababu ya kuchaguliwa kwangu ilikuwa kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Kusuka nilijifunza kwa mama, kama wenzangu wote, lakini hesabu za ususi hakuna aliyekuwa akizifanya. Ardhi yetu ni ya mawe, muhogo wenyewe hutoka kwa kubembelezwa, na tangu kilimo cha mwani kilipoanza upande huu mwaka 1989, wanawake wamekuwa wakigawa siku zao baina ya pwani na barazani: wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wako kwenye mwani, wakati wa maji mafu, yasipokupwa sana, wako kwenye ukili. Fedha ya mwani ilikuwa ndogo, na ya ukili ilikuwa ndogo vilevile, ila mwani angalau ulipimwa kwa mizani, wakati kikapu kilipimwa kwa jicho la mnunuzi.

Asiyewahi kusuka hukiona kikapu kikiwa kimekwisha na hudhani ni kazi ya mchana mmoja. Miyaa, yaani majani ya mwaa, mti wa jamii ya mnazi, hukatwa ingali changa, kabla jani halijafunguka, na mkataji mwenye adabu huchukua kuti moja tu katika kila mche ili mwaa uendelee kutoa. Huanikwa juani siku kadhaa hadi iwe nyeupe, huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya kisu, na ile inayotakiwa rangi huchemshwa sufuriani kisha ikaanikwa tena kivulini. Siku ya kusuka hulowekwa kidogo ili isivunjike. Ukili husukwa kama utepe mrefu, hupimwa kwa pima, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, ndipo hushonwa kwa sindano ndefu, mzingo juu ya mzingo, kuanzia kitako hadi upindo. Wazee husimulia kuwa zamani rangi ya manjano ilitoka kwenye ungamo na nyeusi kwenye mizizi ya mdaa. Sisi tunatumia rangi ya unga ya dukani, ambayo ni ya fedha taslimu.

Aliyekuwa akinunua vikapu vyetu tulimwita tajiri, ingawa naye alikuwa mchuuzi tu mwenye gari moja. Alikuja kila baada ya wiki mbili au tatu, akachagua, akatoa shilingi 5,000 kwa kikapu, na kwenda kuviuza kwenye maduka ya wageni mjini. Sitaki kumfanya shetani, kwa sababu mwezi wa Ramadhani ukikaribia ni yeye aliyekuwa akitukopesha unga, sukari na mafuta. Lakini mkopo huo ndio uliotufunga. Mwanamke aliyekwisha kula sukari ya mtu hawezi kumwambia mtu huyo kwamba bei yake ni ndogo, wala hawezi kumpa mwingine kikapu ambacho kimekwisha kuliwa kabla hakijashonwa.

Habari ya biashara ya haki, yaani ile inayotaka mzalishaji alipwe bei inayolingana na kazi yake, tuliisikia kwa mara ya kwanza katika mafunzo ya siku mbili yaliyoletwa na shirika moja la mjini linalouza kazi za mikono nje ya nchi. Mkufunzi alipolitaja neno lenyewe, wanawake walicheka, na mmoja akauliza kama kuna biashara ya dhuluma. Bi Mkubwa, ambaye ndiye fundi wetu mkuu na umri wake umepita miaka 70, akajibu bila kuinua macho kwenye ukili wake: "Ipo, mwanangu, ndiyo hii tunayoifanya."

Katika mafunzo hayo nilijifunza kwamba kazi za mikono ndizo zilizotangulia katika biashara hii, kabla ya kahawa na chai. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja, Edna Ruth Byler, alianza kuwauzia jirani zake vitambaa vilivyotariziwa na wanawake wa Puerto Rico, na Max Havelaar, alama ya kwanza ya biashara ya haki kwenye pakiti za kahawa, ilikuja kutolewa Uholanzi mwaka 1988. Nilijifunza pia kwamba alama ninazoziona kwenye pakiti za kahawa na chokoleti ziliwekwa hasa kwa ajili ya mazao, na kwamba wasusi, wafinyanzi na wachongaji huangukia zaidi chini ya Shirika la Biashara ya Haki Duniani, lililoundwa mwaka 1989 na lenye kanuni 10. Kati ya kanuni hizo, niliyoikariri ni ile inayosema kwamba mnunuzi wa kazi za mikono akiombwa hutoa angalau nusu ya malipo mapema, bila riba. Nilipoisikia niliifikiria sukari ya tajiri.

Mnunuzi wa kwanza wa Ulaya aliyeletwa na shirika lile aliniuliza bei ya kikapu, nami nikasema 8,000. Akaniuliza nimeipataje. Sikuwa na jibu; nilikuwa nimeichukua ile 5,000 ya tajiri na kuongeza kiasi ambacho hakikunitia haya kukitamka. Yule mama akafunga daftari lake kwa upole na kusema atanisubiri hadi nijue.

Basi tukaanza kuhesabu saa. Nilinunua daftari kubwa, nikawaomba wasusi watano, wa haraka na wa taratibu, wasuke kikapu kilekile huku mimi au binti yangu tukiandika wakati kila mmoja alipoanza na alipoacha. Kazi hii ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu mwanamke hasuki kwa mfululizo: husuka akiacha mchuzi jikoni, husuka akiwa na mtoto mapajani, huondoka kwenda kuteka maji na kurudi na mgeni. Wengine waliona aibu kuandikwa, wakajikaza kusuka mbio ili wasionekane wavivu, na ilibidi nirudie vipimo vyao siku nyingine. Mwishowe wastani ulitulia hivi: kikapu kilihitaji pima sita za ukili, kila pima ilichukua kama saa moja na dakika 20, kushona pamoja na mikono ya kikapu kulichukua saa nne, na sehemu ya kukata, kuchana na kupika rangi iliyokiangukia kikapu kimoja ilikuwa saa mbili. Jumla ilikuwa saa 14. Tulipotoa gharama ya rangi, kuni na uzi, ambayo ilikuwa kiasi cha shilingi 1,500, ile 5,000 ya tajiri ilituachia shilingi 250 kwa saa, wakati yai moja katika duka la kijijini kwetu lilikuwa shilingi 300.

Nilipoisoma hesabu hiyo barazani hapakuwa na kelele. Mama mmoja aliomba niirudie, kisha akasema heri angefuga kuku.

Swali lililofuata lilikuwa saa moja ya msusi ina thamani gani, na hapo tuliacha nadharia tukamtazama kibarua. Mtu aliyelima shamba la mwenzake asubuhi moja, kwa muda wa saa tano, alilipwa shilingi 5,000, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini jembe liwe na heshima kuliko sindano, kwa hiyo tukaandika shilingi 1,000 kwa saa. Juu ya ujira wa saa 14 na ile 1,500 ya rangi, kuni na uzi, tuliongeza 1,500 nyingine kwa ajili ya mfuko wa kikundi na usafiri, tukafika 17,000. Mnunuzi aliisoma karatasi yetu mstari kwa mstari, akasema kwa bei hiyo kikapu hakitauzika dukani kwake, na kiwango chake kilikuwa 14,000. Mwaka mmoja kabla yake ningekubali papo hapo na kuwaambia wenzangu wavumilie. Safari hii karatasi ilikuwa mezani, na kila tarakimu ilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo tulijiuliza tupunguze kazi gani badala ya kupunguza ujira. Ukili ukaongezwa upana kidogo, mizingo ya kushona ikapungua, upindo wa mara mbili ukawa wa mara moja. Saa zikashuka hadi 11 na nusu, na bei ikawa 14,500, ambayo aliikubali.

Oda ilikuwa ya vikapu 150, yaani shilingi 2,175,000, na nusu yake ililetwa kabla hatujakata miyaa. Fedha hiyo ya awali, kwa maoni yangu, ilitusaidia kuliko bei yenyewe. Kila aliyekuwa na deni kwa tajiri alilipa, na kwa mara ya kwanza tuliinunua rangi kwa pamoja badala ya kila mmoja kukopa kijiko kimoja kimoja. Tulikubaliana kwamba malipo yatolewe mkononi, mbele ya wote, kwa saini au dole gumba, kwa sababu simu nyingi za nyumbani hukaa mfukoni mwa mume. Mume mmoja alikuja kunilalamikia kwamba nimemficha fedha za mkewe. Nilimwonyesha daftari na mahali penye dole la mkewe, nikamwambia, shemeji, hizi ni saa zake. Aliondoka akiwa amenuna, ingawa mwaka uliofuata ndiye aliyetukatia miyaa.

Nisidanganye kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Katika vikapu 60 vya mwanzo, 22 vilikataliwa kwa sababu vilipishana ukubwa, na tulipotafuta kosa tukalikuta mikononi mwetu wenyewe: pima ya mwanamke mrefu si pima ya mwanamke mfupi, na kila mmoja alikuwa mkweli kwa mikono yake. Tulivifumua vyote, kazi inayouma kuliko kusuka. Tangu hapo kila baraza lina kamba moja yenye alama, na kikapu hushonwa huku kikijaribiwa juu ya ndoo ya plastiki ya lita 10 iliyofunikwa kifudifudi. Kikiivaa ndoo bila kucheza wala kubana, kimepita. Wageni wanaotutembelea huzipiga picha ndoo zetu kuliko vikapu. Jambo la pili lilikuwa kuvu wakati wa masika, ambalo halina ujanja zaidi ya kutokubali oda inayoangukia miezi hiyo. La tatu ni tarehe za kukabidhi mzigo, ambazo sasa naziandika kwenye mkataba kwa kufuata maji, kwa kuwa wakati wa bamvua sina msusi hata mmoja.

Mwaka 2020 watalii walipotoweka na meli kuchelewa, oda yetu ya tatu ilisimamishwa ikiwa nusu. Mkataba ulisema kazi iliyokwisha kufanyika italipwa, na ililipwa. Maduka ya mjini yaliyokuwa yakichukua bila mkataba hayakutulipa chochote, na moja kati yake, lililobandika ukutani picha kubwa ya msusi wa kijijini kwetu pamoja na maneno ya haki na heshima, lilikuwa halijawahi kumuuliza mama huyo kama anaridhia picha yake kutumika, wala halikuwahi kumlipa zaidi ya ile 5,000. Tulimtuma katibu, ambaye ni mimi, na picha ikaondolewa. Deni bado.

Kwa sasa tunapata oda mbili kwa mwaka, mara chache tatu, na hakuna aliyeacha mwani kwa ajili ya ukili. Ugomvi tulio nao ni wa Bi Mkubwa. Ukili wake ni mwembamba, umebana kiasi kwamba ukikitia kikapu chake mchele hapana punje itakayopenya, lakini pima moja humchukua saa tatu, na kwa bei ya kikapu cha ndoo saa zake zinarudi kuwa za yai. Vijana wanasema asuke kama wengine. Yeye anasema hajui kusuka vibaya na hawezi kujifunza uzeeni. Mwezi uliopita tulifungua ukurasa mpya wa daftari kwa ajili ya daraja la kwanza, tukaandika saa zake 27 kwa kikapu kimoja na bei ya shilingi 30,000, na kimepelekwa kwa mnunuzi pamoja na karatasi yake. Jibu halijaja, naye ameshaanza kitako cha pili.