Siku 324 bila mvua

Kiangazi kimoja, mwezi wa Oktoba, nilimwekea shangazi filamu ya The Dry sebuleni kwake Dodoma. Alizoea filamu za kutafsiriwa, zile ambazo msimulizi hanyamazi mpaka mwisho. Hii ilikuwa na Kiingereza chake tu, basi mkalimani nikawa mimi, kwa sharti moja: natafsiri maneno, kimya nakiacha kilivyo. Filamu inayochemka kwa moto mdogo ukiijaza maelezo umeiua, kwa kuwa hofu yake imekaa kwenye yale ambayo watu hawasemi.

Mashamba ya Kiewarra, mji wa kubuni huko Victoria, Australia, yamekauka. Mvua haijanyesha kwa siku 324. Ndani ya nyumba mtoto mchanga analia, na ndiye pekee aliyebaki hai. Askari Aaron Falk anarudi kumzika rafiki yake wa utotoni, Luke, anayedaiwa kumuua mkewe na mwanawe kisha kujiua. Nyuma yake kuna kifo kingine cha miaka 20 iliyopita: msichana Ellie alikufa mtoni, na Falk na Luke walidanganya kuhusu siku hiyo.

Mwongozaji Robert Connolly anaziendesha kesi hizo mbili pamoja. Ya leo ikikaribia kufunguka, anakurudisha kwenye ile ya zamani, na kila ukirudi unamshuku mtu mwingine, hata Falk mwenyewe. Wengi huulaumu mwendo huo kwamba unachosha. Mimi naona bila huo usingepata muda wa kuwaogopa majirani.

Shangazi, mkulima wa mtama, aliuliza mapema: "Mwanangu, mto huu una maji, ule ni mchanga mtupu. Ni mmoja?"

"Ni huohuo, shangazi."

Tangu hapo hakuniuliza tena tuko mwaka gani. Maji yakionekana alijua ni zamani.

Nilikosea mahali pamoja. Falk alipopata barua ya kumwambia kwamba Luke alidanganya, na yeye alidanganya, nikasema, "Hiyo ikumbuke." Shangazi akaanza kuwinda jibu akaacha kutazama nyuso, na kwa muda mrefu mazungumzo ya baa yakampita. Dokezo halitakiwi kuonyeshwa kwa kidole. Mtazamaji aliokote mwenyewe.

Karibu na mwisho, kwenye kichaka kikavu, mtu aliyebanwa anashika kiberiti cha gesi. Ndipo ukame uliokuwa mandhari tu kwa karibu saa mbili unageuka silaha, na hakuna aliyehitaji kukueleza, kwa sababu umekuwa ukitazama nyasi zile tangu mwanzo. Sikuwa nimetafsiri neno. Shangazi, ambaye hachomi visiki kabla ya kufyeka njia ya moto na kupima upepo, alikuwa ameshasimama mkekani.

"Wasimkimbilie! Nyasi hizo!"