Mlimau wa Bibi

Mimi ni mtu wa Likoni. Kwetu mwinuko mkubwa ni ule mteremko wa kushukia feri, na mpaka nafikisha miaka ishirini na tisa sikuwa nimepanda mlima wowote. Kwa hiyo Zaituni aliponiambia, tumekaa uani kwao Ujiji tunachambua dagaa, kwamba Agosti hiyo ya 2014 anataka kwenda kupanda mlima Nkungwe, nilimjibu "Twende" kama ninayealikwa sokoni.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili Kigoma. Kazi ndiyo iliyonipeleka, nikapanga chumba Mwanga. Ndugu zangu wakipiga simu kutoka Mombasa walikuwa wakiniuliza habari za "huko ng'ambo", nami niliona neno hilo limezidi kwa nchi ambayo watu wake nasema nao Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Lakini ugeni upo tu. Dukani nilikuwa nasema "nipe sukari", kama tunavyosema kwetu bila ubaya wowote, na muuzaji ananitazama mpaka nikumbuke "naomba". Ziwa lenyewe nalo lilinisumbua moyo. Lina mawimbi, lina jahazi na mitumbwi, siku za vumbi ng'ambo ya Kongo haionekani, ukiangalia haraka ni bahari. Ila maji yake hayana kujaa wala kupwa. Jioni nilikuwa nateremka Kibirizi, nasimama pale boti zinapopakia abiria, natafuta ile alama ya maji yaliyotoka. Haipo. Sikuwa na mtu wa kumweleza kwa nini jambo dogo kama hilo linaniliza, isipokuwa Zaituni.

Yeye alikuwa fundi cherehani pale soko la Mwanga. Alinirekebishia gauni moja, nikarudi na la pili, la tatu sikuwa na haja nalo. Watu wakisikia Kigoma hufikiria Waha moja kwa moja, na mimi pia nilidhani ni Mha hadi aliponisahihisha: kwao ni Watongwe, watu wa kusini, wa milima ya Mahale. Bibi yake alizaliwa upande wa Kasoge, chini ya Nkungwe. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipokuwa ikiwakusanya watu kwenye vijiji vipya, wakahamishwa, na mwaka 1985 eneo lote likawa hifadhi ya taifa. Mama yake Zaituni alitoka kule mgongoni. Zaituni mwenyewe hakuwa amekukanyaga hata siku moja, ingawa kila mti wa kule aliujua kwa maneno ya bibi.

Tulikwenda kumuaga bibi. Alikuwa haoni vizuri tena, akanishika mkono akauliza huyu ni nani, Zaituni akamwambia ni mwenzangu, mtu wa Kenya. Bibi akatupa maagizo mawili. La kwanza, tumtafutie mlimau wake, ule aliokuwa akiuchuma asubuhi akienda kuchota maji, aangaliziwe kama bado upo. La pili, tukifika juu tusikanyage kilele. "Mtu hapandi kichwani kwa mzee," alisema. "Mnafika mabegani, mnasalimia, mnarudi."

Tuliondoka na Liemba siku ya Jumatano jioni. Meli ile watu wa Kigoma huizungumzia kama jamaa aliyeishi sana: iliundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli na kuunganishwa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, na mwaka 1924 Waingereza wakaiibua. Mimi kilichobaki akilini ni usiku wa manane, tulipofika mbele ya Lagosa. Hakukuwa na gati. Meli inasimama majini gizani, inapiga honi, na kutoka ufukweni zinakuja taa, kisha sauti, kisha mitumbwi yenyewe, inagombania ubavu wa meli pale penye mlango. Magodoro yanarushwa, mtoto anapokelewa na mikono ya mtu asiyemfahamu, mama mmoja anapiga kelele kuku wake wamebaki. Zaituni alinitangulia, akageuka, akaninyooshea mikono miwili. "Usiangalie maji. Niangalie mimi." Nikamwangalia yeye, nikaruka.

Tulilala kwa shangazi yake, na asubuhi boti ikatupeleka kusini hadi hifadhini. Ofisini tulilipa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa sawa na Mtanzania, kwa hiyo mimi na Zaituni tulitoa kiasi kilekile. Mimi jambo hilo lilinifurahisha. Yeye alihesabu noti zake polepole, fedha za sare za shule alizoshona tangu Januari, na karani akazipokea kwa adabu, hana kosa lolote. Halafu kikaja kitabu cha wageni. Kwenye safu ya mgeni anakotoka niliandika Mombasa. Zaituni alikaa na kalamu kwa muda. Akaandika Kigoma.

Njia ya Nkungwe huanzia karibu na usawa wa ziwa, na ziwa lenyewe liko mita 773 hivi juu ya bahari. Kilele kiko mita 2,462. Hesabu hiyo niliifanya baadaye, nashukuru sikuifanya siku ile. Tulikuwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, Mha wa Kasulu, kijana mpole aliyetuita "dada zangu", na mpagazi mmoja. Mwanzoni ni msitu wa bondeni, mzito, unyevu, mizizi imepita njiani kama kamba za jahazi. Hatujatembea hata saa moja Zaituni akasimama. Aliinua pua.

"Limau," alisema.

Mimi sikusikia harufu yoyote. Aliuacha mstari akaingia pembeni hatua kama kumi, askari akamfuata, na kweli: mlimau, mrefu kupita milimau yote niliyowahi kuona, umekondeana ukitafuta jua kati ya miti ya porini. Nyuma yake mwingine. Karibu na kijito, wa tatu. Askari akatuambia kwamba ile ni alama ya vijiji vya zamani, na kwamba iko miembe pia na michikichi. Sokwe siku hizi wanakula malimau na maembe hayo, alisema, lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wajapani waliokuja kuwachunguza sokwe wa Mahale kuanzia 1965 waliona kwamba watu walipoondoka, sokwe walipita chini ya miti hiyo miaka mingi bila kuonja, hadi mmoja mmoja wakaanza kujifunza.

Zaituni hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameweka kiganja kwenye shina la ule wa karibu na kijito, anaupapasa kama anavyopapasa kitambaa kabla hajakikata. Akanusa mkono. Akanipa na mimi nikanusa.

Baada ya pale ni kupanda, na kupanda sikujui kukueleza vizuri. Msitu ukaisha tukatokea kwenye miyombo, nyasi kavu za Agosti, jua la kichwani. Magoti yangu yalianza kutetemeka kabla ya adhuhuri. Zaituni alinichukulia chupa ya maji, kisha begi, bila kuuliza, na alipoona nimeanza kulia kwa uchovu alitembea nyuma yangu badala ya mbele ili nisimwone akinisubiri. Wema wa namna hiyo nimekutana nao mara chache maishani.

Tulipiga hema kwenye mgongo wa mlima. Usiku ule haukuwa na mwezi, na siku za giza ndizo wavuvi wa dagaa wanazozitaka, maana kukiwa na mbalamwezi dagaa hawaifuati taa. Nilitoka nje ya hema nikaona chini kabisa, mbali na ufuko, taa za wavuvi zimetandazwa ziwani mamia kwa mamia, na juu nyota, na katikati hakuna mstari unaosema hapa ndipo maji yanapoishia. Kwetu pia wanatega kwa taa. Nilikaa pale mpaka baridi ikaniuma masikio. Zaituni akaja na kitenge chake akanifunika, naye akakaa. Hatukusema kitu. Kabla hakujapambazuka sawasawa sokwe wakaanza kuitana bondeni, sauti inaanza chini inapanda hadi inakuwa ukelele, na ng'ambo ya korongo wenzao wanajibu.

Siku ya pili tulipita kwenye mianzi, tukaingia msitu wa juu wenye ukungu, kisha miti ikaacha. Palibaki nyasi na upepo. Kilele kilikuwa pale mbele, hatua thelathini, labda arobaini.

Zaituni akavua viatu. Akachuchumaa, akagonganisha viganja polepole, akasema maneno ya Kitongwe ambayo mengine alikuwa akiyakosea na kuyarudia, kwa sababu amekulia mjini na Kitongwe chake ni cha kukaa na bibi. Askari akavua kofia. Nilisikia jina la bibi, la mama yake, kisha likaja la kwangu.

Alipomaliza aliniambia, "Wewe nenda. Wewe si wa huku, haikuhusu."

Nikaenda. Nilijiambia nimetoka Likoni mpaka hapa, nimelia njiani, siwezi kuishia hatua thelathini. Juu kulikuwa na upepo mkali, na vumbi la kiangazi limefunika ziwa, Kongo haionekani, milima inafifia mmoja nyuma ya mwingine. Nilisimama labda dakika mbili. Nikageuka nikamwona Zaituni kule chini, peku, kanipa mgongo, anatazama bonde la kina bibi yake. Nilijihisi kama mtu aliyeingia chumba cha ndani cha watu, mwenyeji kabaki barazani. Sikupaswa kwenda. Hakuna aliyenilaumu hata siku moja, na miaka hii yote bado naona kwamba mahali pangu palikuwa pale chini, ubavuni mwake.

Kushuka kulikuwa maumivu ya vidole vya miguu tu.

Tuliporudi Ujiji tulimkuta bibi uani, kwenye mkeka, chini ya mwembe. Tukamwamkia. Hakuuliza habari za safari.

"Mlimau wangu?"

"Ipo mitatu, bibi," Zaituni alisema. "Sijui wako ni upi."

"Wa karibu na maji."

"Huo upo. Umekuwa mrefu sana."

"Una matunda?"

"Unayo."

"Na nani anayachuma sasa?"

Zaituni akanitazama. Nikajibu mimi: ni sokwe, bibi, nikamweleza alivyotuambia askari, kwamba iliwachukua miaka mingi kujua ni chakula. Bibi alikaa kimya, vidole vyake vinahesabu ukingo wa mkeka.

"Walikuwa wakituona tukila," alisema.

Kisha akanigeukia. "Na wewe mgeni, ulipanda kichwani?"

"Nilipanda, bibi."

"Kuna nini?"

"Upepo."

"Upepo tu?"

"Upepo tu, bibi."

Akasogea kidogo kwenye mkeka, akapapasa ile nafasi iliyobaki kwa kiganja, nikakaa.