Ukuta mmoja mweupe, picha nyeupe na picha nyeusi

Ushauri wa kwanza niliopewa, na ambao hadi leo nauona ukirudiwa, ni kwamba picha ya haikii (high-key, picha nyeupe) ni picha yoyote uliyoipandisha mwanga kwenye programu, na ya lokii (low-key, picha nyeusi) ni ile uliyoishusha. Ushauri huu unanikera kwa sababu unampotezea mtu muda mwingi. Picha ya kawaida ukiipandisha, kijivu cha nyuma hakigeuki weupe safi. Kinapauka tu, na uso unaungua (mwanga unazidi hadi undani wake unafutika) kabla ukuta haujawa mweupe. Ukiishusha, kila kitu kinashuka pamoja: ukuta unakuwa wa rangi ya matope badala ya kuwa mweusi, na paji la uso lililotakiwa kung'aa linazimika.

Haikii ni picha inayotawaliwa na weupe, vivuli vyake vichache na laini, lakini bado ina weusi kidogo mahali panapostahili: mboni za macho, kope, ukingo wa kikombe. Lokii inatawaliwa na weusi, ila ina sehemu ndogo iliyopata mwanga kamili. Weusi huo mdogo na mwanga huo mdogo ndivyo vinavyoishikilia picha. Bila hivyo unabaki na karatasi tupu au giza tupu.

Kinachoamua matokeo ni uwiano: ukuta unapata mwanga kiasi gani, na kitu unachokipiga kinapata kiasi gani. Rangi ya ukuta inakuja nyuma kabisa. Baada ya kulishika hilo niliweza kupiga yai moja mbele ya ukuta uleule mweupe, mara ya kwanza ukuta ukatoka mweusi tii, mara ya pili mweupe pee, bila kutundika kitambaa chochote ukutani. Nachagua yai kwa makusudi. Halichoki kukaa, halina kona, na mviringo wake unaonyesha wazi mwanga unaanzia wapi na unaishia wapi.

Nianze na weusi. Taa ilikuwa moja tu, ya mezani, yenye shingo ya kukunjika na balbu ya LED. Niliiweka sentimita 30 kutoka kwenye yai, ubavuni na nyuma yake kidogo, ikiwa mita 2.4 kutoka ukutani. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukizidi mara 2 inabaki robo, mara 4 inabaki sehemu moja ya kumi na sita, mara 8 inabaki sehemu moja ya sitini na nne. Kutoka sentimita 30 hadi 240 ni mara 8, kwa hiyo ukuta unapungukiwa stopu 6 kamili (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu). Ukuta mweupe uliopungukiwa hivyo hauna tena cha kuonyesha. Sasa sogeza meza hadi taa iwe sentimita 60 tu kutoka ukutani. Tofauti inashuka kuwa stopu 2, na ukuta unarudi kuwa kijivu. Hujagusa kamera, hujagusa balbu.

Hesabu hiyo inakubali ikiwa mwanga unakwenda pale tu unapoutuma, na ndani ya chumba cheupe hauendi hivyo. Picha zangu za mwanzo zilitoka na ukuta wa kahawia iliyokolea, na nilihangaika nazo kwa kubadili ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kubadili tundu la lenzi, kusogeza taa, vyote bure. Dawa yake haiko kwenye kamera. Nenda ukasimame ukutani, mgongo ukiugusa, kisha tazama mezani. Chochote unachokiona kinang'aa kutoka hapo ndicho kinachoumulika ukuta, maana kama mwanga wake unafika machoni pako, unafika na ukutani. Mimi niliona vitu vitatu: mdomo wa taa yenyewe, uso wa meza, na dari juu ya taa. Kofia ya taa niliibania kipande cha manila nyeusi cha sentimita 15 kwa 20 upande wa ukutani, kwa kibanio cha nguo. Meza niliitandika kitambaa cheusi. Dari ilijitibu yenyewe nilipoinamisha taa. Picha iliyofuata, ukuta ulikuwa umekufa kabisa. Kipimo hicho cha jicho kinafaa pia kwa upande wa kivuli wa yai: weka jicho pale yai lilipo, utazame upande usio na taa, utaiona fulana yako nyeupe ikirudisha mwanga bila wewe kujua. Vaa nyeusi. Na kama balbu yako ni ya zamani ile inayochemka, karatasi ikae mbali nayo.

Kamera iwe kwenye manyuo (manual, yaani mipangilio unaiweka mwenyewe), si otomatiki, kwa sababu otomatiki ikiona giza itajitahidi kulifukuza. Kwa taa hiyo nilianzia ISO 200, tundu la lenzi f/8, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) sekunde 1/15, kamera ikiwa juu ya tripodi na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Rundo la vitabu nalo linatosha. Ukitumia shata ya kasi, mathalani 1/500, baadhi ya balbu za LED zitakuchorea mistari myeusi kwenye picha: zinapepesa mara 100 au 120 kwa sekunde kufuatana na umeme wa mahali ulipo. Shata iwe ya polepole kuliko 1/50 na mistari inaondoka. Kwenye histogramu (mchoro wa kamera unaoonyesha weusi kushoto na weupe kulia), mlima mzima uwe kushoto, na mkia mwembamba unyooke kuelekea kulia bila kugonga ukingo. Ukigonga, ganda la yai limeungua na vitundu vyake vidogo havitaonekana tena hata ufanye nini.

Wengi hukimbilia shuka jeusi. Nami nilikimbilia, na lilinigharimu jioni kadhaa, maana shuka la pamba halimezi mwanga wote, lina mikunjo, lina vumbi, na likiwa nusu mita nyuma ya yai kila mkunjo unasomeka. Mahameli ni bora zaidi, nyuzi zake zilizosimama hunasa mwanga katikati yao. Lakini mita moja ya umbali inafanya kazi kubwa kuliko kitambaa chochote.

Sasa weupe, ambao kwangu ulikuwa mgumu zaidi. Kosa la wazi ni kukiweka kitu karibu na ukuta mweupe na kukimulika kwa nguvu. Unapata kivuli kigumu nyuma yake, na ukuta wa kijivu. Kamera nayo inachangia: kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kiamini kwamba mandhari yoyote, kwa wastani, ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ukiipa chumba cheupe inakigeuza kijivu kwa nia njema kabisa. Kama uko kwenye otomatiki, ongeza fidia ya mwanga (agizo la kuizidishia au kuipunguzia kamera mwanga) kati ya stopu +1.5 na +2 na weupe unarudi. Kwenye lokii ni kinyume, unashusha.

Ukuta unahitaji mwanga wake peke yake. Niliweka yai mita 1.5 kutoka ukutani, taa mbili zikiutazama ukuta kutoka pande zote mbili kwa nyuzi 45, kila moja ikiwa na manila inayoizuia isimwage mwanga kwenye yai, na mbele yai likapata mwanga laini wa taa ya tatu iliyopitia karatasi ya kuokea. Balbu zote ziwe za rangi moja ya mwanga, na pazia lifungwe. Ukichanganya mwanga wa dirisha na balbu ya manjano, upande mmoja wa yai utakuwa wa buluu na mwingine wa chungwa, na kurekebisha rangi ya picha nzima hakutazipatanisha pande hizo. Ukuta uzidi yai kwa stopu 1 hadi 1.5, basi. Nilipouzidisha hadi stopu 3, nikidhani weupe zaidi ni bora zaidi, ukuta uligeuka kuwa taa kubwa: mwanga wake ulizunguka kingo za yai ukazila, na lenzi ikapatwa na ukungu hadi picha nzima ikapauka. Washa alama ya kuonya sehemu zilizoungua, ile inayomweka kwenye kioo cha kamera. Ukuta wote umweke, yai lisimweke hata nukta moja.

Baki na kivuli chepesi mahali yai lilipokalia. Ukikifuta, yai linaelea hewani.

Kwa picha ya mtu sihangaiki na taa tatu. Dirisha kubwa lenye pazia jembamba jeupe ndilo linalokuwa ukuta. Msimamishe mita moja mbele yake, mgongo ukielekea dirishani, na mbele yake, chini ya kifua, ashike ubao mweupe wa angalau sentimita 60 kwa 90 umrudishie mwanga usoni. Pima mwanga wa uso wenyewe, siyo wa fremu nzima. Bila huo ubao uso unakuwa kivuli. Kwa lokii, dirisha hilohilo: funga mapazia mazito uache mwanya wa sentimita 20 au 30, mtu akae ubavuni mwa mwanya, si mbele yake, na ageuze pua taratibu kuelekea kwenye mwanga hadi nukta ya mwanga ionekane kwenye jicho lililo upande wa kivuli. Hapo mwambie aache kugeuka. Usitegemee ile hesabu ya mraba hapa, kwa kuwa dirisha ni chanzo kikubwa na mwanga wake haupungui haraka hivyo ukiwa karibu nalo. Wembamba wa mwanya ndio unaofanya kazi.

Ngozi nyeusi inadai uangalifu ambao maelekezo mengi yanauruka. Kwenye haikii usiipandishe ngozi ili ifanane na ukuta. Iache kwenye toni yake, weupe ubaki kazi ya nyuma na nguo. Uso uliopandishwa stopu 2 unakuwa wa majivu. Kwenye lokii, usimtupie taa ndogo kali ukidhani ndiyo itakayomtoa gizani. Ngozi hiyo hupendeza kwa mng'ao, na mng'ao ni taswira ya chanzo cha mwanga juu ya ngozi: chanzo kikubwa kinaacha mng'ao mpana unaochora shavu na taya, kidogo kinaacha madoa. Weka karatasi ya kuokea au shuka jeupe mbele ya taa, ulisogeze karibu na mtu.

Wenye simu, yote haya yanawezekana. Zima HDR (simu kuunganisha picha kadhaa za mwanga tofauti) na hali ya usiku, kwa sababu kazi yake ni kuinua vivuli unavyovitafuta. Gusa sehemu yenye mwanga na ushikilie hadi fokasi ijifunge, halafu uburute mwanga juu au chini. Kwenye kuhariri, mimi huhifadhi faili la RAW (data ghafi ya kamera), nasogeza nukta ya weusi kidogo tu, na kioo cha kompyuta nakitoa kwenye mwangaza wa kujirekebisha, la sivyo usiku utaona lokii yako inasomeka na asubuhi ni giza.

Nimeiacha glasi mwishoni kwa sababu ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Glasi haimulikwi kwa mbele. Inaonyesha tu kile kilicho nyuma na pembeni mwake. Kwa hiyo nilichukua manila moja kubwa nyeusi na kukata tundu la sentimita 30 kwa 40 katikati, kwa wembe na rula, nikihifadhi kipande kilichotoka. Dirisha la chumba nililifunika kwa karatasi ya kuokea kwa solotepu likawa uso mmoja mweupe wa mwanga. Glasi ilikaa sentimita 40 mbele yake, kamera mbele ya glasi.

Kwanza niliibandika manila yenye tundu juu ya dirisha hilo. Kamera iliona weupe mtupu ndani ya tundu, na weusi uliolizunguka ukapindwa na kingo za glasi: glasi ikachorwa kwa mstari mweusi mwembamba, kana kwamba mtu kaichora kwa kalamu juu ya karatasi. Hiyo ni haikii. Kisha niliiondoa na kuning'iniza kile kipande kilichokatwa mahali tundu lilipokuwa. Sasa nyuma ya glasi ni nyeusi, na mwanga unaochungulia pembeni mwa kipande ndio unaopindwa na kingo, mstari ukawa mweupe juu ya weusi. Hiyo ni lokii. Mwanga ni uleule na glasi haijasogezwa, kilichobadilika ni vipande viwili vya karatasi moja.

Sharti ni kwamba tundu na kipande vizidi fremu ya kamera kidogo sana, kama sentimita 2 kila upande. Tundu likizidi mno, weusi unakuwa mbali, mstari wa ukingo unapotea na glasi inayeyuka kwenye weupe. Kipande kikizidi mno, kingo zinakosa mwanga. Badala ya kukata upya, sogeza kamera nyuma au mbele hadi fremu ikae sawa. Na ishike glasi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi tangu unapoiosha, kwa sababu kwenye picha nyeusi alama ya kidole kimoja na chembe tano za vumbi zinawaka kama nyota.