Niacheni na blogspot yangu

Wiki hii nimeulizwa tena kwa nini sinunui domeini, yaani jina langu mwenyewe la tovuti la kulipia kila mwaka, badala ya kubaki na blogspot, anwani ya bure ya Google. Aliyeuliza ni kijana mwenye adabu zake, anatengeneza tovuti za makampuni pale Sinza, na nia yake ilikuwa njema. Ila alivyomalizia ndivyo vilivyonikaa kifuani: "Mama, ukiwa na blogspot watu hawakuchukulii siriasi." Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Mwanangu, jibu ndilo hili, na nimeliweka hadharani kwa sababu maneno kama hayo nayasikia yakiwakatisha tamaa watu wengi wenye mambo ya kuandika.

Blogu hii ni ya samaki. Nilianza kuiandika nikiwa nauza pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, na mpaka leo nikivuka na pantoni alfajiri kutoka Kigamboni naandika nilichokikuta mnadani: kibua wameshuka bei, changu hakuna kwa sababu kusi imechafua bahari, jodari wa leo macho yameshaingia ndani, usimnunue. Wanaosoma ni mama lishe wa Buguruni, wakaanga samaki wa Mbagala, mabinti walioolewa bara wanaotaka kujua pweza anapigwa vipi mpaka alainike. Wengi wananifikia kwa kuandika jina la samaki kwenye Google. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba ameshindwa kuamini bei ya kibua kwa sababu ya anwani yangu.

Na tusisahau tulikotoka. Blogger, huduma inayotoa hizi anwani za blogspot, ilianzishwa Marekani mwaka 1999, Google wakainunua mwaka 2003, na miaka miwili baadaye mpigapicha Issa Michuzi akaanza kuweka picha zake kwenye issamichuzi.blogspot.com. Nani wakati ule alisema hachukuliwi siriasi? Ndugu zetu walioko ughaibuni walikuwa wanafungua pale kabla ya chai ili wajue nani kafiwa, nani kaoa, nani kateuliwa. Blogu nyingi za Kiswahili zilizofuata zilipita njia hiyohiyo, kwa sababu ilimtosha mtu kuwa na baruapepe na muda wa kukaa intaneti kafe. Kadi ya benki ya kulipia mtandaoni ilikuwa kitu cha wachache.

Hoja kubwa ya wanaosema kama kijana wangu ni kwamba blogspot ni kupanga na domeini ni kujenga kwako. Nimepanga Temeke, nimepanga Kurasini, sasa nakaa kwangu, kwa hiyo mfano huo naujua kwa ndani. Nyumba yangu inakatwa kodi ya jengo kwenye Luku. Nikikaa bila kununua umeme miezi miwili, hakuna atakayekuja kuhamia ndani na kubandika jina lake mlangoni. Jina la .com huwezi kulilipia zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo. Muda ukiisha unapewa nafasi ya kulikomboa, mwishoni kwa bei ya juu zaidi, kisha linaachiwa, na yeyote mwenye pesa analichukua. Huo nao ni upangaji, tena wa mwenye nyumba asiyekujua hata kwa sura.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilikuwa na rafiki, mzaliwa wa kisiwa cha Mafia, ambaye alijua uvuvi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye. Aliandika namna mtego wa dema unavyosukwa, uzio wa wando unavyosimamishwa kwenye maji ya kina kifupi, lini wavu wa jarife utolewe na lini ubaki ndani. Aliyaandika kwa Kiswahili cha kwao, na picha alipiga mwenyewe. Watu wakamshauri ahame blogspot ili aonekane wa maana. Akahama, akanunua jina zuri, akalipia na seva ya kuhifadhi kurasa zake, akaifuta ile ya zamani. Kisha akaugua, na alipofariki watoto wake hawakujua kwamba kuna kitu kinalipiwa kila mwaka, wala wapi. Leo ukifungua anwani yake unakutana na matangazo ya kubeti. Tulikwenda kutafuta kwenye Internet Archive, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandaoni, tukapata baadhi ya kurasa. Picha nyingi hazikuwepo. Ile habari ya wando sijaiona tena popote.

Angebaki alipokuwa, ningeweza kumwonyesha mjukuu wake leo jioni.

Jambo hilihili nililiona kwa upana mwaka 2018, zilipotoka hapa Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni, na kanuni hazikujali kama una domeini au huna. Wengi waliweka kalamu chini. Kanuni zilibadilishwa baadaye, lakini wengi wao hawakurudi. Mimi hupenda kupitia blogu zao za zamani, na ninachokiona ni kwamba zile za blogspot bado nazifungua, mapishi yapo, mashairi yapo, na ugomvi wa kwenye maoni upo. Za domeini nyingi zimekufa, maana nani ataendelea kulipia ukurasa aliokwisha kuacha kuuandikia?

Sisemi kwamba cha bure hakifi. GeoCities ya Yahoo, iliyokuwa ikiwapa watu kurasa za bure, ilifungwa mwaka 2009 na kurasa za watu zikaenda nayo. Posterous, nayo ya blogu za bure, ikafungwa mwaka 2013. Google wenyewe wamezima huduma nyingi, na mwaka 2023 walitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Ndiyo maana napakua nakala ya blogu yangu kutoka kwenye mipangilio, na picha naziweka pembeni kwenye flashi kwa sababu lile faili linabeba maandishi tu.

Domeini ina faida moja ya kweli: ukihama kampuni inayokuhifadhia kurasa, anwani unaondoka nayo. Ukiwa na biashara inayotuma ankara na baruapepe, chukua .co.tz kwa wasajili wa hapahapa, unalipa kwa simu na mambo yanakwisha. Blogger pia inakuruhusu kuunganisha jina lako bila kukutoza. Ila hiyo ni hesabu ya mtu na mfuko wake, na mtu asifanye hesabu hiyo kwa kuogopa kuchekwa. Mama anayeandika kwenye simu ameshalipia bando, ameshanyima usingizi macho yake. Ukimwambia kazi yake haina uzito mpaka alipe tena, ataacha, na alichokuwa anakijua tutakikosa sote.

Kwa hiyo mwanangu, nakuomba hivi. Anayekuja kwako na blogspot, msome kwanza. Akitaka kuhama, msaidie kuhama bila kufuta ya zamani, na umwambie aandike nywila na tarehe ya malipo kwenye daftari ambalo mtu wa nyumbani kwake analijua. Na wewe msomaji, kama una baba au shangazi aliyewahi kuwa na blogu, muulize nywila yake wiki hii. Ukiifahamu yoyote ya Kiswahili inayozungumzia bahari, uvuvi au mapishi ya pwani, hata kama imelala tangu 2010, niwekee anwani kwenye maoni. Naziorodhesha pale pembeni chini ya bei za Feri, na ninaanza kupakua nakala zake Jumamosi.