Songkran Bangkok: maji niliyomwagiwa na maji niliyoombwa

Kila Machi ikielekea ukingoni, simu yangu hujaa ujumbe wa aina mbili. Wateja wa Kariakoo, Darajani na Eastleigh wanauliza, "Dada, mzigo wangu utatoka kabla hawajafunga?" Wageni wenzangu tunaoishi nao hapa Bangkok wanauliza, "Mwaka huu unakimbilia wapi?" Wote wanazungumzia Songkran, mwaka mpya wa Wathai, tarehe 13 mpaka 15 Aprili, siku ambazo nchi nzima inamwagiana maji.

Huu ni mwaka wangu wa nane hapa. Kazi yangu ni mizigo. Mfanyabiashara anakuja Pratunam, soko kubwa la nguo la hapa Bangkok, ananunua magauni na blauzi kwa jumla, anapanda ndege na begi lake la mkononi, na mimi nabaki na marobota yake: kuhesabu, kufunga, kupima kilo, kusafirisha. Naishi karibu na Phetchaburi Soi 7, kichochoro cha Waislamu chenye msikiti wa Darul Aman na vibanda vya vyakula vya halali vilivyopangana pande zote mbili. Kwetu ni Makunduchi, kusini mwa Unguja. Hilo la Makunduchi liwekeni akilini, nitalirudia.

Songkran naipenda na naiogopa. Nimeshaulizwa mara nyingi nichague moja, na kila nikijaribu naona nitasema uongo.

Nianze na hofu. Mwaka 2020 sikukuu ilizuiwa kwa sababu ya korona, na miaka miwili iliyofuata mchezo wa maji barabarani ulibanwa. Kwa hiyo 2023 watu walitoka kama waliofunguliwa mlango. Mwaka ule Songkran iliangukia kumi la mwisho la Ramadhani. Nilikuwa nimefunga, joto linakaribia nyuzi 40, na nilikuwa na makaratasi ya mteja ambayo lazima yamfikie wakala wa ndege jioni ile. Nikachukua pikipiki ya abiria, hizi za madereva wenye vizibao vya rangi ya chungwa, nikamwomba dereva apite vichochoroni.

Kwenye mdomo wa soi ya tatu tukakuta pikapu imesimama, nyuma ina pipa la bluu na ndani ya pipa mabonge ya barafu yanaelea. Dereva akapunguza mwendo. Nikainua mkono, nikatikisa kichwa, nikaonyesha bahasha. Vijana wawili wa Kithai waliokuwa juu ya pikapu walielewa, wakashusha vikombe vyao. Aliyenimwagia alikuwa mgeni kama mimi, mtu mzima mwenye bunduki ya maji ndefu kama mwiko wa pilau ya harusi. Alilenga uso. Maji yakaingia machoni, pikipiki ikayumba, dereva akakanyaga chini kwa mguu mmoja tukasimama. Kabla sijafumbua macho ndoo nzima ya maji ya barafu ikanishukia mgongoni. Buibui likanishika mwili mzima. Kwa mwanamke aliyetoka nyumbani kajisitiri, mbele ya umati, hiyo si baridi tu. Nilisimama pale nimekumbatia bahasha, nimeufunga mdomo kwa nguvu ili tone lisipite kooni, na machozi yananitoka. Risiti za mteja zikawa uji.

Msidhani nimekuza. Hapa siku saba za kuzunguka sikukuu zina jina lao, "siku saba za hatari", na serikali hutangaza kila asubuhi hesabu ya waliokufa barabarani. Kwa kawaida hupita watu 200, na wengi wao ni wa pikipiki. Pombe na mwendo ndivyo vinavyoua zaidi, lakini mtu akipigwa ndoo ya maji usoni akiwa juu ya magurudumu mawili, hilo nalo nimeliona kwa macho yangu na kwa mwili wangu.

Na liko la mikono. Wathai wana unga mweupe wa chokaa, din so phong, wanaukoroga na maji kisha wanakupaka shavuni kwa vidole viwili kama baraka. Ukipakwa na mtu mwenye adabu, anakuomba kwanza, anagusa shavu, anainamisha kichwa, anapita. Lakini katikati ya msongamano wa barabara za Silom au Khao San wapo wanaume ambao unga kwao ni kisingizio cha kushika wanawake. Mwaka 2018 viongozi waliposema wanawake wasivae nguo za kuchochea kwenye sikukuu, mwanamitindo wa hapa, Cindy Sirinya Bishop, alijitokeza hadharani akasema mwenye kuambiwa ni mwanamume aheshimu, mwanamke asiambiwe avae nini. Wanawake wengi wa Kithai wakamfuata. Nalitaja hili kwa sababu wageni wengi huzungumza kana kwamba wao ndio wa kwanza kuona tatizo. Wenyeji wanaliona, wanaligombania, na mara nyingi wamekwisha kusema kabla yetu.

Wageni wakaao hapa miaka mingi wana tabia moja inayonisikitisha. Aprili ikikaribia wananunua chakula cha wiki nzima, wanafunga mapazia, au wanakwenda zao visiwani, na mazungumzo yao yote yanakuwa ya kudharau: watu hawa hawana adabu, sikukuu hii ifutwe. Mimi pia nimefunga mapazia, siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Ila neno la kufuta sikukuu ya watu halinipiti kooni, na sababu yake ilikuja mwaka 2024, ghorofa ya chini ya nyumba ninayopanga.

Pale chini anakaa bibi mmoja wa Kibudha. Sote tunamwita Yai, ndilo neno lao la bibi mzaa mama, na hapa kila mzee wa kike ni Yai wa mtaa mzima, kama kwetu kila mzee ni bibi hata kama hamchangii damu. Mwaka 2024 alikuwa na miaka 86. Alizaliwa wakati mwaka wa serikali ukianza Aprili Mosi. Januari Mosi ililetwa mwaka 1941, yeye akiwa mtoto. Kwake Januari ni mwaka wa ofisi. Mwaka wake ni Aprili, jua linapoingia nyota ya Punda, na kwa hesabu yao ya Kibudha, iliyo mbele ya hii yetu kwa miaka 543, ulikuwa unaingia wa 2567.

Mwaka huo Idi ilikuwa imepita siku chache tu. Tarehe 13 asubuhi, saa moja hivi, kabla mitaa haijaanza vurugu, mjukuu wa Yai aligonga mlango wangu. Akaniambia, "Phi," yaani dada mkubwa, "bibi anauliza kama utashuka kumwagia maji." Nilimwelewa vibaya. Nikamjibu simwagi wala simwagiwi. Akacheka, akanyoosha viganja vyake viwili pamoja ili nione. Tarehe 13 kwao ni Siku ya Wazee, na mdogo humwendea mkubwa akammiminia maji mikononi, akaomba radhi kwa makosa ya mwaka mzima na kupokea dua. Wanaita rot nam dam hua.

Nilisita mlangoni. Kule hekaluni wanaosha sanamu za Buddha, na hiyo ni ibada yao, sikwenda wala siendi. Lakini mikono ya jirani mzee aliyenipokelea vifurushi vyangu miaka mitano, aliyeniletea maembe kila msimu, hiyo niliiona ni heshima ya mtu kwa mtu. Kila mmoja ana mwanachuoni wake wa kumuuliza. Mimi nilitulia na nafsi yangu, nikavaa mtandio, nikashuka.

Yai alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanga yao ya maua kiunoni, miguuni pana beseni jeupe. Pembeni bakuli dogo la bati lenye maji, na juu ya maji yanaelea maua ya asumini. Harufu ile iliponifikia nilisimama. Jamani, asumini! Kwetu tunaitunga mashada, tunaivaa kichwani, tunaimwaga kitandani kwa bi harusi. Sikuwa nimeinusa hivyo, mbichi ya asubuhi, tangu nilipoondoka nyumbani.

Nikapiga magoti kwenye sakafu. Akaweka viganja vyake pamoja, vimeinama kidogo. Ngozi imekuwa laini na nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, mishipa inaonekana, na kwenye kidole cha shahada kuna kovu la sindano ya cherehani, kwa sababu alishona nguo Pratunam miaka zaidi ya 30. Nikamimina taratibu. Maji yalijaa viganjani, yakapita katikati ya vidole, yakaangukia beseni, na ua moja likabaki limenasa kwenye kidole gumba. Yeye akawa anasema maneno yake ya dua polepole, mengi sikuyafahamu, nikashika afya, nikashika kazi, nikashika kurudi salama kwa mama. Alipomaliza aliuliza kwanza, kwa ishara, kisha akauweka mkono wake wenye maji juu ya mtandio wangu. Akaniita luk. Mwanangu.

Mkono uliopoa, ukiomba ruhusa. Nilipanda juu nikakaa kitandani muda mrefu.

Sasa Makunduchi. Kwetu kila Julai tuna Mwaka Kogwa, mwaka wa Nairuzi ulioletwa na Washirazi, nao unafuata jua vilevile. Jina lenyewe ni maji: mwaka unakogwa. Alfajiri watu wanashuka pwani kuoga, kutoa ya mwaka ulioisha. Kisha wanaume wa pande mbili za mji wanapigana kwa vigogo vya migomba, waliowekeana kinyongo wamalizane siku ile ile. Wanawake wamevaa nguo zao nzuri wanapita wakiimba nyimbo za kejeli ambazo siku nyingine mtu angeona aibu kuzisema. Kibanda cha makuti kinachomwa moto. Na hairuhusiwi nyumba ikose mgeni wa kula naye. Kukosa mgeni siku hiyo ni nuksi. Wapo masheikh wanaoipinga, nimewasikia tangu utotoni, na siwadharau. Lakini nakumbuka pia watalii waliokuwa wakisimama pembeni na kamera, wakiona migomba tu na vumbi. Walikuwa wanaondoka saa nane wakisema wameona watu wanapigana. Ya pwani alfajiri hawakuyaona, walikuwa wamelala hotelini.

Nami miaka sita nilikuwa kama wao hapa Bangkok. Nilikuwa nikiamka saa nne, barabara imeshachafuka, nasema hii ndiyo Songkran. Desemba 2023 UNESCO ilipoiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, nilishangaa moyoni kitu gani kinaenziwa hapa, bunduki za plastiki? Nilikuwa sijashuka ngazi.

Hili halinifanyi nimsamehe yule aliyenilenga usoni. Bado nikiona pipa la bluu mwili unasisimka, na bado nasema mwenye pikipiki asimwagiwe, uso wa mtu usilengwe, aliyeinua mkono kukataa aachwe apite. Wathai wengi wanasema hayohayo. Mzee wa Kithai akikumwagia barabarani utamjua: kikombe kidogo, begani, neno la heri, basi.

Kwa wafanyabiashara wanaonisoma: msije Pratunam kati ya tarehe 11 na 17 Aprili. Wauzaji na mafundi wengi ni watu wa Isan, kaskazini mashariki, na ndiyo likizo yao kubwa ya kwenda kwa wazazi. Maduka yanashusha milango, hakuna wa kukufungulia stoo hata ungelia. Hilo nalo mteja hunigombezea mimi kila mwaka, na namjibu kwamba yule binti anayemuuzia blauzi mwaka mzima anakwenda kummiminia mama yake maji mikononi, amvumilie siku tano. Na kwa anayekuja kukaa: kimfuko cha plastiki cha simu shingoni, nguo nzito isiyoshika mwili, miwani, na shughuli zako zimalize kabla ya saa tatu asubuhi. Ukiwa na jirani mzee, mshukie mapema.

Julai ile nilimpigia mama simu siku ya Mwaka Kogwa, nyuma yake nasikia wanawake wanaimba. Nikamsimulia habari za Yai, bakuli, asumini, mkono kichwani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie huyo bibi, hapa mgeni wa mwaka nafasi yake ipo. Aje aoge."

Jioni nikashuka, nikamfikishia Yai salamu kwa Kithai changu kibovu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama bahari ya kwetu ina kina. Nikamwambia inategemea kupwa na kujaa. Maji yakiwa yamekupwa unatembea mbali sana, mchanga mweupe, na yanakufika magotini tu. Akasema basi, magotini anaweza.