Nimeibiwa waleti Dar, nikaishia kusimuliwa Lushoto yetu

Safari ya kutoka Lushoto sina cha kusimulia, tumekaa kwenye basi mpaka miguu ikafa ganzi tukafika. Harusi ya binamu iliyonileta nayo ilikuwa nzuri, tumekula tumecheza, picha mnazo kwenye grupu. Hela ya gesti ndo inaniuma mpaka leo, elfu thelathini kwa chumba chenye feni inayopiga kelele na joto liko palepale, kwetu hiyo hela unalala na blanketi mbili na chai asubuhi.

Sasa siku ya pili yake nikapanda daladala Mbezi kwenda Kariakoo, tumebanana ile ya mtu anakupumulia sikioni, nashuka napapasa mfuko, waleti hakuna. Pesa ilikuwa kidogo, tatizo kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki, na benki wanakwambia kalete RB kwanza, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha umeripoti. Nikachukua bajaji mpaka kituo cha polisi, buku tatu kwa mwendo ambao kwetu bibi yangu anatembea na mzigo kichwani.

Kituoni kuna benchi moja na watu kibao. Pembeni yangu amekaa mzee shati limepigwa pasi mpaka mikono ina mstari, viatu vinang'aa kwenye vumbi lote lile. Shikamoo mzee, marahaba kijana, umepatwa na nini? Nikamweleza. Na wewe je mzee? Akasema ameibiwa mita ya maji nyumbani kwake, halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe ni askari mstaafu. Nilijikaza nisicheke bana.

Akaniuliza natokea wapi, nikasema Lushoto. Akanigeukia mzima mzima: "Kumbe unatoka makao makuu!"

Nikajua ni utani wa wazee. Kumbe mwenzangu yuko siriasi. Akasema jeshi la polisi la Tanganyika lilianzishwa rasmi tarehe 25 Agosti 1919, Waingereza wameshamtoa Mjerumani, na makao makuu yakawekwa Lushoto, sio Dar wala Tanga mjini, LUSHOTO, na yakakaa huko mpaka mwaka 1930 ndo yakahamishiwa Dar. Siku hizi yako Dodoma. Jamani mimi nimesoma pale msingi mpaka sekondari, tumekaririshwa kwamba mji uliitwa Wilhelmstal enzi za Mjerumani, tunajisifia baridi na Irente na matunda, hili la polisi hakuna mwalimu hata mmoja aliyelitaja. Miaka kumi na moja nchi nzima polisi wanaongozwa kutoka kwetu kule mlimani na sisi hatuna habari!

Ikabidi nimuulize kwa nini Lushoto. Akanijibu kwa swali, "Wewe joto la hapa unaliweza?" Shati langu lilikuwa limelowa mgongo wote kwa hiyo sikubisha.

Mzee alifunguka sasa. Yeye depo, yaani mafunzo ya uaskari, alipiga Moshi, chuo cha polisi CCP, na aliongea habari za kwata, zile gwaride zao, mpaka nikahisi magoti yangu ndo yanauma. Akanifundisha kusoma namba za askari, kwamba ile herufi ya mbele inakwambia mtu aliingia kizazi gani, yake ni ya mwanzo mwanzo huko, hawa vijana wa kaunta wako mbali kwenye alfabeti, na ukiona WP huyo ni askari wa kike. Kilichonichanganya ni Dar yenyewe. Serikali inaihesabu mkoa mmoja wenye wilaya tano, polisi wao wameigawa mikoa mitatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, kila mmoja na RPC wake, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, juu yao kuna kamanda wa Kanda Maalum ya Dar nzima, na huyo naye yuko chini ya IGP, mkuu wa polisi wa nchi, anayeteuliwa na Rais. Chini ya RPC kuna ma-OCD, wakuu wa polisi wa wilaya, halafu OCS mwenye kituo, ndo unafika kwa huyu konstebo anayeandika taratibu kwenye kitabu huku benchi zima tunamtazama mkono.

Halafu akaingia 1964, yeye alikuwa mtoto ila anasema ukienda depo hiyo stori utaipata tu. Mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari, Nyerere akapeleka polisi kama 300 Unguja kusaidia kutuliza hali, Dar wakabaki wachache, na tarehe 20 wanajeshi wa kambi ya Colito, ndo Lugalo ya leo hapo Dar, wakaasi wanadai mishahara na maofisa wazungu waondoke. Mwaka huohuo Elangwa Shaidi akawa IGP wa kwanza Mwafrika, na baada ya Muungano polisi wa pande zote mbili wakawa jeshi moja mpaka leo.

Hapo zamu yake ikafika. Konstebo akamuuliza, mzee hiyo mita unamshuku nani? Mzee akanyoosha mgongo: "Kushuku nimefanya miaka yote kijana, sasa hivi ni zamu yako." Kaunta nzima ilicheka, hata dogo mwenyewe.

RB yangu nilipata mchana. Benki wakanikata hela ya kadi mpya kama vile mimi ndo niliyejiibia. Usiku nikampigia baba kumwambia habari ya makao makuu, akasema mbona anajua, babu alikuwa akiongea hayo kila siku. Nikamuuliza sasa mbona hujawahi kutuambia? Akanikatisha, anataka kujua hiyo kadi imenigharimu shilingi ngapi.