Siku moja maishani mwangu: fundi wa vifaa vilivyoingia maji, Kisumu

Mvua ya jana ilianza saa kumi jioni na haikukatika mpaka usiku. Kwa hiyo leo saa mbili kasorobo asubuhi, nilipofika kibandani kwangu Kondele, nilikuta watu wanne wananingoja mlangoni. Masika ndiyo kazi yangu hii: simu, redio na saa zilizokunywa maji.

Swali langu la kwanza ni moja siku zote: "Umejaribu kuiwasha?" Watatu walikuwa wamejaribu. Mmoja aliiacha kwenye chaji usiku kucha. Hapo ndipo roho huniuma, kwa sababu simu iliyolowa haifi haraka kwa maji peke yake. Inaliwa na umeme unaopita katika maji hayo. Betri ikiendelea kusukuma umeme, vyuma vya bodi huanza kulika, na ukifungua unakuta ukungu wa kijani pembeni mwa soketi. Iliyozimwa papo hapo ikaletwa ikiwa imezimwa, hiyo nina tumaini nayo.

Saa tatu anaingia mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Dunga. Alfajiri alikuwa anapokea mzigo ufukweni, simu ikamponyoka ikatumbukia ziwani. Ameileta imezikwa kwenye mfuko wa mchele.

"Fundi, jirani aliniambia mchele unanyonya."

"Mama, hauwezi kufikia maji yaliyo chini ya vibati, vile vifuniko vya bati juu ya bodi. Na unga wake ukiingia tundu la chaji unaganda."

Simlaumu, kila mtu ameambiwa hivyo. Hata Apple, mwaka 2024, iliwaambia wateja wake waache mchele. Laini naitoa kwanza, naifuta, naitia kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe ninayoweka kwa ajili hiyo, ili malipo yake ya M-Pesa yaendelee kuingia. Omena haimsubiri fundi.

Nafungua. Ile stika ndogo nyeupe ya kuonyesha maji imegeuka nyekundu. Nachomoa betri kabla ya kugusa kingine chochote, kisha napasha kibati kwa bloa ya hewa moto na kukinyanyua. Chini yake kuna tone la maji, limekaa tuli, na ndani yake chembe za tope la ziwa. Hebu fikiria mchele ungelifikiaje. Nasugua kwa mswaki laini na spiriti ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda naikataa, kwa kuwa ina maji ndani yake.

Bodi ikakauka, lakini mita ya kupimia umeme ikalia: shoti kwenye njia kuu ya umeme. Sehemu hii naipenda kuliko zote. Naingiza umeme mdogo, volti moja tu, halafu nalowesha bodi kwa spiriti na kuinamia kwa kioo cha kukuza. Kwenye shoti pana joto, kwa hiyo spiriti hukauka hapo kwanza. Baada ya muda mfupi doa kavu likajitokeza juu ya kapasita moja, kile kipande kinachotunza umeme kidogo, ndogo kuliko punje ya wimbi. Nikaing'oa. Mita ikanyamaza. Kapasita za namna hiyo huwa kadhaa kwenye njia ile ile, na simu huweza kuishi bila moja.

Saa tano amekuja mwalimu mstaafu, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Kifaa chake cha kusikia kilinyeshewa. Hiki sikifungui, si fani yangu, na bloa ingekikunja. Nimetoa betri yake, nikaacha kijumba wazi, nikakiweka kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Nimemwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: KESHO. KISIPOSIKIKA, KIPELEKE KLINIKI YA MASIKIO. Akasoma polepole, akanishika bega.

Chakula saa saba, ugali na sukuma, kwa haraka.

Mchana nimeishughulikia simu iliyomwagikiwa soda. Sukari haiyeyuki vizuri kwenye spiriti, kwa hiyo bodi nimeiosha kwanza kwa maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi, spiriti ikafuata. Ile iliyolala kwenye chaji betri yake imevimba kama andazi. Betri nimeitoa bila kuibana wala kuitoboa, nikaiweka kwenye ndoo ya mchanga nje ya kibanda. Mwenyewe alisisitiza kuwa simu yake imeandikwa haiingii maji. Kipimo hicho hufanywa simu ikiwa mpya, katika maji safi. Yake ilishabadilishwa kioo mara mbili, na gundi ya kuzuia maji haikurudishwa.

Saa kumi na moja mama wa omena amerudi. Simu imewaka, ina doa kwenye kona ya kioo. Hakutazama doa. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha za daftari lake la madeni.

"Mama, yanakili leo leo. Bodi ikishaonja maji naweza kuisafisha, lakini siwezi kukuapia itafika Krismasi."

Akakaa kwenye kiti changu cha wateja na kalamu yangu, akaandika jina baada ya jina hadi giza likaingia. Alipomaliza akaifunga simu kwenye mfuko wa plastiki, fundo mbili.

Radi ilikuwa tayari inanguruma upande wa ziwani. Kibanda changu huvuja, kwa hiyo kopo la mwalimu nimekuja nalo nyumbani.